Chupa Nyuma ya Unga

Mpishi mkuu husimama nyuma ya mlango wa jikoni, kidole gumba kikisugua kovu la kiganjani, akichungulia nani kabakiza nini sahanini. Tomato sosi ameipiga marufuku. Mteja akiiomba, hufoka, "Hapa si kibanda cha chipsi!" Leo kwenye meza ya sita kaketi mama yake, aliyekuja kwa basi kutoka mji wa kwao, Saguenay, na mbele yake pai ya nyama ya kwao. Kaonja, kaweka uma chini. Mhudumu Maëlle akarudi jikoni.

"Shefu, mama anasema pai haishuki bila... tomato sosi."

Mpishi akainama nyuma ya gunia la unga, akaibuka na chupa. Ilikuwa imebaki nusu.