Siku Niliyompa Mama Mkwe Mjukuu wa Watu

Hili nikilisimulia lazima nizibe uso kwanza, na msicheke kabla sijamaliza, maana mimi mwenyewe ilinichukua miaka kulicheka. Mimi huyu mnayeniona, mama wa watoto wanne, niliwahi kumpa mama mkwe wangu mtoto wa watu nikiapa kuwa ni wangu.

Ni miaka ile ya tisini, mitumba imejaa Mwanza hadi kichanga anavaa sweta la Ulaya, nami nikawa na uchungu wa kwanza (siku mbili nzima, mtoto kakaa vibaya), mwisho nikapasuliwa. Nilipozinduka kwenye nusukaputi nesi akaniwekea mtoto wa kiume ubavuni, akasema hongera, nami nikamtazama kama mzigo wa abiria mwingine. Sikuhisi kitu. Nilisikia eti mapenzi ya mtoto yanakujaa palepale, wapi! Nilikuwa namnyonyesha nimegeukia ukutani, naogopa, najiuliza kama nimeumbwa bila moyo wa mama.

Sasa sikieni kosa langu. Mtaani kwetu Ilemela walikuwa wanasema aliyepasuliwa hajazaa, katolewa tu mtoto, na mama mkwe alikuwa amezaa saba nyumbani kwake. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie mama nimejifungua kawaida."

Siku ya nne mama akavuka na kivuko cha Kigongo, akaingia wodini na kikapu chake na salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!", ya kuamsha wagonjwa wote. Nikajikaza, nikaketi wima, mshono unawaka moto, nikatabasamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hata huonekani kama umezaa! Yuko wapi mjukuu wangu?"

Kitanda kile tulilala wawili, mimi na mzazi mwenzangu Kabula, aliyekuwa amekwenda nje kufua, na watoto wetu wamelala miguuni, wamefunikwa gubigubi. Nami (aibu yenyewe ndiyo hii) mwanangu nilikuwa namjua kwa khanga. Khanga nyekundu ni yangu, basi nikanyakua aliyefungwa nyekundu nikamkabidhi. Kumbe asubuhi, nimelala, watoto walilowa, na Kabula kwa wema wake akawafunga khanga yoyote aliyoikuta kavu.

"Alilia alipotoka?"

"Alilia, mama, nikampokea kifuani, akanitazama machoni, nikamjua hapohapo." (Uongo nao huzaa, tena kawaida, bila kisu.)

Mama akapiga vigelegele. "Pua ya babu yake hii! Huyu ni Masanja!" Akamtembeza kitanda kwa kitanda, wageni wanapiga makofi, na katikati ya wodi akamfunua ili ashuhudie dume lake kwa macho yake.

Masanja alikuwa msichana.

Papo hapo Kabula akatokea mlangoni na ndoo yake. "Jamani, binti yangu kafanya nini tena?"

Watu wakaangua kicheko, nesi akashika ukuta. Mimi nikataka kuruka nimchukue mtoto, mshono ukanivuta, nikapiga yowe mbele ya wote, "Mama, tumbo langu! Nilipasuliwa!" Nikalia kwa kwikwi, na lile la ndani kabisa nalo likatoka: "Mtoto simjui, mama. Simjui!"

Nilijua atabeba kikapu chake aende zake, na kuanzia siku hiyo mimi si mkwe tena. Badala yake akamrudishia Kabula mtoto kwa pole nyingi, akamchukua wa kwangu, akaketi karibu yangu, akashusha sauti.

"Mumeo nilimzaa nyumbani bila kisu, na mwezi mzima nilimwona mgeni. Nilimwogesha kwa sababu alichafuka, nikamnyonyesha kwa sababu alilia. Sikumwambia mtu. Siku aliposhikwa na homa, nikashindwa hata kuvuta pumzi, ndiyo nikajua kumbe ni wangu. Hebu mtazame."

Akamlaza kifuani kwangu, nami nikamtazama kwa mara ya kwanza. Masikio makubwa ya baba yake, na pua, kusema kweli, si ya babu yeyote.

Mapenzi hayakuja siku ile, nisiwadanganye. Yalikuja wiki kadhaa baadaye, namwosha kwenye beseni, akapiga chafya, nikacheka peke yangu mpaka nikalia. Tangu hapo nimeapa: mwenzangu akijifungua, simwulizi kwa njia gani, wala kama anampenda mtoto. Namwuliza kama amekula, kisha namshikia mtoto apate kulala.