Kichuguu cha Bibi na Barabara ya Kisiwani

Mtu akikutishia huku anacheka, utajuaje kama anakutishia kweli? Nilimuuliza baba swali hilo mwaka barabara ilipoinuliwa, akanituma maji.

Kijiji chetu tulikiita kisiwa, ingawa bahari hatukuwahi kuiona. Kiko Usangu, bondeni, chini ya milima ya Mbeya. Kiangazi tulitoka kwa miguu kama watu wengine. Masika mito miwili ilifurika mbele na nyuma yetu, tukabaki na mitumbwi, na maji yakaingia hadi mafigani. Pakavu palikuwa juu ya vichuguu tu. Kila ukoo uliweka kihenge cha mbegu ya mpunga juu ya kichuguu chake, kwa sababu mbegu ikilowa, mwaka huo huna cha kupanda.

Serikali ikataka gari lifike kwetu hata masika, kutoka barabara kuu ya Iringa. Kila kaya ikapewa kipande chake cha kuinua. Sasa, udongo wetu mweusi ukilowa hugeuka uji, lakini wa kichuguu ukipondwa na kumwagiwa maji hushika kama saruji. Vichuguu vikaanza kubomolewa. Waliobomolewa walihamishia vihenge vyao kwa bibi, mama yake baba, hata ikawa karibu mbegu yote ya kijiji imekaa juu ya kichuguu chake. Niliuliza gari litawaletea nini watu wasio na mbegu. Nikaambiwa nina mdomo.

Nyapara wa barabara alitoka Iringa. Siku ya kwanza alitusalimu "Kamwene," na bibi akafurahi papo hapo: Mhehe! Babu zetu na babu zao walichinjana, na baada ya vita hivyo ukabaki utani. Mtani anaweza kukutukana au kukunyang'anya kuku, nawe huruhusiwi kukasirika.

"Ajuza," nyapara alimwambia bibi mbele ya watu, akicheka, "kichuguu chako nakuja kukibomoa. Nawe nitakuchanganya humo humo, mifupa ishike udongo."

"Njoo, Mhehe. Ila nitamfungia mbwa wangu ndani, nisije nikamkuta chunguni mwako."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyehamisha kihenge chake. Nani ahamishe mbegu kwa sababu ya maneno ya mtani? Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona akikipima kichuguu kwa fimbo yake, na wakati huo hakuwa anacheka na mtu.

Akaja kweli, na vibarua, majembe na sululu.

Bibi hakubishana. Alipanda juu, akajilaza mbele ya vihenge, akajifunika kaniki yake gubigubi.

"Nimekufa!" sauti ilitoka chini ya kaniki. "Mtani, nizike kwanza, ndipo uchimbe."

Kwetu mtani ndiye bwana wa msiba. Huiga kikohozi cha marehemu, huzuia kaburi lisichimbwe, huwachekesha wafiwa. Lakini hawezi kumpa maiti mgongo, wala kufanya kazi nyingine kabla marehemu hajazikwa.

Safari hii hakuna aliyecheka. Kibarua mmoja alibaki na sululu begani, hajui aishushe wapi. Baba alikuwa amesimama kando. Kipande kisichoinuliwa kilikuwa chetu, na wenye vipande vya namna hiyo walikuwa wanafungwa.

"Mama, inuka," nyapara alisema. "Bwana Shauri wa wilaya anakuja kukagua."

"Maiti haiinuki."

Akainama karibu naye, akashusha sauti. "Mama, nitafukuzwa kazi."

"Maiti haisikii."

"Bwana," kibarua akauliza, "tumvute miguu?"

Nilimtazama nyapara mkono, ule ulioshika fimbo. Aliibana mpaka mishipa ikamsimama. Kisha akaitupa chini, akavua kofia, akachuchumaa miguuni pa bibi na kupiga ukunga:

"Uwiii! Marehemu alikuwa mchoyo huyu! Hata maji alinipimia kwa kijiko!"

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Kaniki ikatikisika. Nyapara akasimama, akawaambia vibarua wachimbe udongo mweusi, wauchanganye na nyasi, wamsaidie baba kumaliza.

Kiangazi kipande chetu kilipita ukaguzi. Masika kikayeyuka, gari la Bwana Shauri likazama mpaka milangoni, na nyapara hatukumwona tena. Mbegu ilibaki kavu. Kijiji kilipanda.

Bibi alisimulia kisa hicho hadi alipofariki. "Mila ilimfunga," alisema. Nilibishana naye kila likizo: mila itamfungaje mtu mwenye sululu na serikali nyuma yake? "Si ulimwona kwa macho yako?" alinijibu. Nilikuwa nimemwona.

Nikiwa chuo kikuu nilikwenda Kihesa, mjini Iringa, nyumbani kwa mwanafunzi mwenzangu. Mama yake alikuwa akituhadithia habari za marehemu baba yake, jinsi alivyoachishwa kazi ya barabara kwa ajili ya ajuza mmoja wa Usangu aliyejifanya maiti.

"Angefanyaje?" nikamwambia. "Mhehe hawezi kumwacha mtani aliyekufa."

"Mhehe nani, mwanangu? Baba alizaliwa Kilwa. Kihehe alijifunzia sokoni hapa, ukubwani. Huko Usangu hakuwa na mtani hata mmoja."