Mbio za Masika na Gunia Lisilokuwepo

Nikisikia harufu ya majani makavu ya mgomba, wa kwanza kunijia ni bibi. Alilalia majani hayo, na kila akijigeuza kitanda kililia kama mvua, nasi wajukuu tukacheka ndani ya blanketi. Bibi hahusiki na habari hii, ila ndiye aliyenifikisha hapa. Maana majani yaleyale tuliyasokota kuwa kata, tukatulizia magunia ya kahawa kichwani, tukateremka mlima wetu wa Kyarumba mpaka barabarani.

Barabarani alitungoja Afande, mnunuzi wa kahawa. Muislamu wa mjini Bwera. Jeshi alishaliacha, jina likabaki. Lori likipakiwa, alituita sisi vijana tushindane mbio hadi darajani.

Mnicheke tu, ndugu zangu, lakini hatukujua kukimbia mikono mitupu. Shingo tuliikaza, hasa dada yangu Masika, binti wa miaka kumi na minne hivi. Alikimbia mkono mmoja juu, ameshikilia gunia lisilokuwepo.

"Tupa muzigo!" Afande alipiga kelele. "We mutoto, kichwani iko nini?"

"Iko kahawa ya baba yake, Afande!" wavulana wakamjibia.

Polepole, msimu kwa msimu, ule mkono ukashuka. Wavulana wakawa wanaona mgongo wake tu. Afande akataka kumpeleka Bwera kwenye mashindano. Akapanda mlima mwenyewe, akamkuta baba uani, anageuza kahawa juani.

"Muzee, nipe huyu musichana siku moja tu. Iko na miguu."

"Na kahawa itabebwa na miguu ya nani?" Baba hata reki hakuiweka chini. "Mutu anakimbia bila kitu, si anakimbia polisi?"

Masika alikuwa mlangoni, ameshaoga, amevaa gauni la kanisani.

Afande alimtazama Masika na gauni lake. Miaka mingi nilimlaumu: mwanajeshi mzima, kushindwa na mzee wa reki! Siku hizi nawaambia wajukuu waache simu, watoke wakacheze, nasema asubuhi, nasema jioni, mpaka koo linakauka. Ndipo nimeujua uchovu wake. Kumbe uani petu hapakuwa pa kwanza. Alishapanda vilima vingi kuwaombea watoto wa watu ruhusa ya kucheza.

"Haya, muzee," akasema. Akageuka, akateremka njia yetu ya kahawa, mikono mitupu, shingo ameikaza kama mtu mwenye gunia kichwani. Msimu uliofuata lori lilirudi na mnunuzi mwingine. Yeye hakurudi.