Pirogi Iliyopitishwa Motoni

Jirani anaziba bampa ya gari kwa rezini, ile gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu, na harufu imeingia hadi jikoni kwangu. Nimefunga dirisha. Hata hivyo mikono imeanza kuniwasha kama zamani.

Papa alikuwa mtu wa mto, wa kule Isangi. Miti mikubwa ya kuchonga pirogi, mitumbwi ya kwao, ilipokuwa imebaki mbali sana, aliamua kutengeneza yake uani kwetu kwa rezini na vitambaa vya nyuzi za kioo. Msimu mzima mama alikoroga rezini, mimi nikasugua kwa msasa, na vumbi lile halikututoka shingoni hata tukioga.

Ilipokauka ilikuwa nyeupe, laini kama yai. Papa aliizunguka mara mbili, hakuridhika.

"Lete majani ya kukauka," akaniambia.

"Ya nini tena?" mama akauliza. "Si iko tayari?"

"Pirogi yenye haikupita ku moto haiko pirogi. Papa yangu alifanyaka vile, na papa yake pia."

Kwao, pirogi ya mti hubabuliwa kwa moto ili ikaze. Basi nikaleta majani. Papa akayawasha chini ya pirogi, na ubavu wake ukashika moto papo hapo. Tulimwaga maji, tukamwaga mchanga, na kilichosalia kilikuwa kichwa cha pirogi tu, ile sehemu ya mbele.

Mama alikisafisha, akawa analowekea mihogo humo. Miezi mingi kwanga yetu, mkate wa mihogo iliyolowekwa, ilinuka rezini. Tuliila tukinywa maji kila tonge. Papa peke yake ndiye aliyekuwa akiomba kuongezewa.