Suruali ya Mama Pindo

Siku ya kwanza kumwona, alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashua akiipima kwa futi ya kupimia nguo.

Mimi ni seremala wa klabu ya matanga. Majirani walipoisikia kazi yangu mara ya kwanza walinipa pole, wakauliza nani amefariki. Lakini ni matanga ya mashua, pale ziwani. Watu wenye uwezo wanalipa ada ili Jumapili waende majini na kurudi palepale walipotoka.

Yule mama hakuwa na uwezo huo. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na mashua aliachiwa na mumewe. Tulimwita Mama Pindo kwa sababu kibanda chake kiliishi kwa kupunguza suruali za watu. Ada ya klabu ililipwa kwa urefu wa mashua, kila futi na bei yake, na mwaka ule bei ilikuwa imepanda tena.

"Kaka," akaniambia, "nikatie hapa."

"Mashua haikatwi, dada."

"Kila kitu kinakatwa. Muhimu ubakize pindo."

Nikakata kiti cha nyuma kilichotokeza nje. Ada ikapanda, nikakata mti uliochomoza mbele. Ikapanda tena, nikachukua msumeno nikaondoa kipande kizima cha nyuma, nikaziba kwa ubao mnene na lami. Mashua ikabaki kama kiatu kilichokanyagwa kisigino. Wanachama wakaibatiza Kaptula. Yeye alicheka kuwashinda wote, akaliandika jina hilo ubavuni kwa rangi nyekundu. Na Kaptula ilielea. Ilizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini ilifika.

"Nimekata vingi mimi," alipenda kusema akivuta kamba. "Tamaa ndiyo sijakata."

Mimi si mtu wa kuuliza maswali, lakini siku moja nilimwuliza anahangaikia nini hivyo. Akasema wiki nzima anainamia cherehani mpaka shingo inasahau kazi yake. Jumapili anaangalia juu kwenye tanga, shingo inakumbuka. "Wenzangu wanakwenda kwa daktari. Mimi nalipa ada."

Kamati nayo ikashtuka. Mwenyekiti wetu, mwenye duka la vigae, akatangaza kwamba sasa kila mashua italipiwa ada moja, iwe fupi iwe ndefu. Kiwango wakachukua cha zile ndefu. Mama Pindo, hata angejibana vipi, angepata nusu tu. Asipolipa, Kaptula itolewe ufukweni.

Alikuja karakana akakaa juu ya rundo la mbao, hasemi. Kimya changu nimekizoea. Chake kilinitisha.

Baadaye akanyoosha kidole pembeni. "Ile ya nani?"

Ilikuwa mashua kuukuu. Mwanachama mmoja aliyeshindwa ada aliniachia. Mchana nilikuwa naingia humo kula chakula changu, mlango wa karakana nimeurudisha.

"Yangu."

"Mbona haiendi majini?"

"Ada."

Akavua futi shingoni, akaipima mbele hadi nyuma. "Imeizidi Kaptula kidogo. Tutaipunguza."

"Halafu?"

"Kaka, suruali ina miguu mingapi?"

Tukazilaza sambamba. Nikaziunganisha kwa mihimili, katikati nikapiga sakafu ya mbao kama kiuno, na mlingoti ukasimama juu yake. Tanga alishona yeye. Ada tukagawana.

Siku ya kuishusha majini, mwenyekiti akaja mbiombio.

"Hizi ni mashua mbili. Zina ada mbili."

Mama Pindo akamtazama polepole toka viatuni hadi kiunoni, kama anavyowatazama wateja.

"Mwenyekiti, hiyo uliyovaa ni suruali ngapi?"

"Moja."

"Na mimi nilipokupunguzia, nilikutoza ya ngapi?"

Wanachama wakaangua kicheko. Mwenyekiti akajitazama miguu, na yeye akashindwa kujizuia. "Haya, ada moja. Lakini mwakani nitapandisha."

"Pandisha tu, baba. Sisi tuko wawili."

Tangu hapo kila Jumapili tulikwenda majini, yeye mguu wa kushoto, mimi wa kulia. Upepo ulikuwa unakoma, yeye anaendelea kuongea. Mimi nilisikiliza, na sikumbuki kuwahi kuchoka.

Hatimaye macho yake yalikataa kutunga uzi sindanoni. Binti yake akaja kumchukua wakaishi pamoja, mji wa mbali usio na ziwa. Nilimbebea sanduku hadi kituo cha basi. Njia nzima nilitafuta neno la kumwambia, nikalipata basi likiwa limeshawashwa.

"Mguu wako nitautunza, dada."

Akatoa kichwa dirishani.

"Usiutunze, tafuta mtu wa kuukalia mlipe ada pamoja. Ila asiwe bubu kama wewe, kaka, mtapitiliza ufukwe hamjaambiana."