Fundi Kivuli Amwoza Bintiye

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa karibu limesahaulika. Kiwandani na mtaani walimwita Fundi Kivuli, naye aliitika kwa fahari kama mtu aliyeitwa profesa. Kazi yake katika kile kiwanda cha sabuni ilikuwa kuwapeleka wakubwa mahali ambapo hawajaenda. Hutundika mbele ya jukwaa wavu mwembamba wa rangi ya fedha, mwembamba hata ukisogea mbali kidogo huuoni, kisha huzima taa na kuwasha projekta. Hapo bosi hutokea hewani, mzima mzima, vifungo vya koti vikimeremeta. Walioketi mbele husogeza miguu asije akawakanyaga.

"Hologramu hiyo," angekuambia ukimuuliza, na usipomuuliza angekuambia vilevile. "Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakuwa na projekta."

Mkurugenzi wa kiwanda alipoona maajabu hayo mara ya kwanza, aliyapenda mno, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena mkutano wowote. Kivuli chake kilizindua sabuni mpya, kikakagua matawi, kikaenda hata kumuaga mhasibu aliyestaafu na kumkumbatia hewani, mhasibu naye akakumbatia upepo. Wafanyakazi hawakulalamika hata kidogo. Kivuli hakikaripii mtu, na hotuba yake ina mwisho.

Basi ikatokea kwamba harusi ya binti pekee wa Fundi Kivuli imeangukia siku moja na mkutano mkuu wa wanahisa. Mkurugenzi akamwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Siku hiyo nina udhuru mzito, fundi. Kivuli kitanisimamia, na wewe utakisimamia kivuli. Kitufe kile simwamini mtu mwingine."

Angeweza kukataa. Kitufe kile wangeweza kukibonyeza wenzake wote wa idara, na paka pia kama angefundishwa. Lakini lile neno la kuaminiwa lilimpanda kichwani kama pombe ya bure, akajikuta anasema, "Bila wasiwasi, mkubwa," kabla hata akili haijavaa viatu.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Baba watoto, hebu nieleze taratibu. Unamwoza mtoto au unamwonyesha sinema?"

"Mama, nitakuwepo. Nitajirekodi. Watu watasimulia mpaka wachoke!"

Binti alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho. "Baba, mimi nataka mkono wako tu. Unishike, unipeleke mbele, unikabidhi, kisha ukakae ule."

"Mkono utauona, mwanangu."

"Kuuona nitauona," binti akasema, akaendelea kukunja.

Hapo mtu mwenye masikio angesikia. Fundi wetu alikuwa ameshaanza kutafuta mahali pa kuweka kamera. Alijirekodi sebuleni akiwa na suti, mkono ameunyoosha, akarudia na kurudia mpaka chozi likatokea mahali alipolitaka. Asubuhi ya harusi alipitia ukumbini, akatundika wavu mbele ya meza kuu, akamwelekeza shemeji yake namna ya kuwasha, kisha akakimbilia kwa wanahisa.

Mkutano ulikuwa umeshika kasi, na Mkurugenzi wa mwanga amenyoosha kidole kuelekea faida ya mwaka, simu ya Fundi Kivuli ilipotetemeka. Mkewe alikuwa ananong'ona kwa hasira.

"Shangazi mtu kaukuta wavu wako unaning'inia. Kasema nani katupa kitambaa kizuri hivi. Kaukata vipande vipande, kafungia viti vya wageni mapambo!"

"Usiniambie shemeji kawasha."

"Kawasha! Umetokea mafungu mafungu. Kipara chako kiko kwa mama mkwe, mkono unaelea kwenye keki, na watoto wanafukuza sikio lako ukumbi mzima."

"Zimeni basi, jamani! Na binti?"

"Binti alibaki amesimama peke yake katikati ya ukumbi, mkono kaunyoosha." Mkewe akavuta pumzi. "Tulia lakini, keshakabidhiwa. Mkurugenzi wako kamkabidhi."

"Mkurugenzi gani?"

"Una wangapi? Si ulimpelekea kadi?"

Ni kweli alimpelekea, kwa adabu tu, kama mtu anavyomkaribisha mpita njia mezani akitumaini atasema asante na kwenda zake.

"Kaja mapema, kakaa mstari wa mbele. Alipomwona mtoto amekwama, kainuka mwenyewe, kamshika mkono. Nimemuuliza, bosi, si una mkutano leo? Kasema mkutano unaweza kusimamiwa na kivuli, ila harusi ya mtoto wa mfanyakazi wake inataka mtu mwenyewe."

Jukwaani yule Mkurugenzi mwingine alikuwa amefika kwenye maneno yake ya mwisho. "Nipo hapa pamoja nanyi," akasema, huku amefumbata mikono kifuani. Fundi akabonyeza kitufe, kivuli kikainamisha kichwa, wanahisa wakasimama kumshangilia.

"Nipe mtoto niongee naye," akasema.

Binti alikuja kwenye simu akihema, kwa nyuma muziki umepamba moto.

"Baba, usihuzunike. Amenishika vizuri, hata sikujikwaa. Na picha ya familia tumeshapiga, kasimama pale pako."

"Pale pangu?"

"Ndiyo. Lakini wewe si fundi? Utajiingiza humo baadaye."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomchoma. Fundi Kivuli aliiweka simu chini, akafunika uso kwa mikono, akalia. Huko mbele wanahisa walikuwa bado wanapiga makofi.