Kasi ya Mzee Noske

Clem Noske alitimiza miaka themanini na minne tarehe 9 Mei 2023, siku ileile alipovishwa kiunoni kihisi cha kupima mwendo katika kliniki moja ya Peterborough, Australia Kusini. Alikivaa siku saba. Yeye na bintiye Glenys walishakubaliana: kasi yake ya kutembea ikiwa chini ya sentimita themanini kwa sekunde, atahamia makao ya wazee Port Pirie.

Majibu yalisema sentimita themanini na nne.

Glenys aliisoma karatasi mara mbili, kisha akamtazama Socks, mbwa wa baba yake.

"Baba, hiki kidude ulimvalisha Socks?"

"Socks mwenyewe hata ngazi hapandi."

"Usinichezee. Jumapili nilikungoja getini mpaka nikakaa chini."

"Ulikuwa unakimbilia sigara yako."

Clem hakumwambia kwamba naye alikuwa na wasiwasi. Duka la mikate, zamani mwendo wa dakika sita, sasa lilimchukua kumi. Kwa miaka thelathini na moja alikagua njia ya reli kwa miguu na kutia saini kila kipimo.

Kesho yake alimpeleka Glenys kwenye reli ya pembeni isiyotumika tena. Mataruma yake, magogo yanayobeba reli, aliyalaza mwenyewe na wenzake, sentimita sitini na moja kutoka katikati ya moja hadi katikati ya linalofuata. Alitembea kando ya reli, kutoka taruma la kwanza hadi la arobaini na moja: mita ishirini na nne na nusu kasoro kidogo. Glenys alishika muda kwa simu. Sekunde thelathini na nne.

"Rudia. Ulikuwa unajikokota makusudi."

Alirudia. Thelathini na nne. Sentimita sabini na mbili kwa sekunde.

Kihisi kilihesabu hatua zake sawasawa. Urefu wa kila hatua kilikisia kutokana na kimo chake, na Clem ni mrefu, ila miguu siku hizi anaiburuza kwa hatua fupi.

"Karatasi inasema themanini na nne, Baba. Hakuna atakayeuliza."

"Mimi nimeshauliza. Kipimo kibovu sijawahi kukisaini. Lete simu niwapigie kliniki."

Alhamisi, tarehe 25, saa nne asubuhi, atapimwa upya kwenye korido ya kliniki, mita kumi kwa tepu. Port Pirie wamekubali kumwekea chumba hadi Ijumaa.